Kabla hujatuma pesa za 'kumtoa' jela, jua mlango unafunguliwa na nani

Novemba mwaka jana mama mmoja jirani yetu hapa Kisauni alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa magereza. Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu mwenye kazi nyingi mezani. Alimtajia jina la mwanawe, kosa alilofungiwa na mwaka alioingia. Kisha akamwambia jina la kijana limo katika orodha ya wale watakaosamehewa na Rais siku ya Jamhuri, ila faili imekwama mahali na inahitaji 'kusukumwa' kidogo. Shilingi 15,000, zitumwe kwa simu kabla ya saa kumi jioni.

Mama alichukua pesa za chama zilizokuwa mkononi mwake, akakopa nyingine kwa dada yake Likoni, akatuma. Jamhuri ikaja ikapita. Nambari ile haikushika tena.

Alinijia Desemba, baada ya sala ya alasiri, akiwa na karatasi za korti kwenye mfuko wa plastiki. "Mwanangu, wewe huandika-andika mambo haya," alisema. "Hebu niambie. Huyu mtoto hutolewa na nani hasa?"

Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani. Nimekutana na watu wenye digrii wasioweza kulijibu, na kutojua huko ndiko kunakowalisha matapeli. Nimekaa na zile karatasi, nimesoma sheria zinazohusika, na haya ndiyo niliyompa yeye na ninayokupa wewe msomaji.

Jambo la kwanza ni kwamba hakuna mtu mmoja anayefungua. Hakimu ana mlango wake, gereza lina wake, Mahakama Kuu ina wake, na Rais ana wake. Anayekwambia anaweza 'kumtoa' bila kukueleza ni kwa mlango gani, huyo anakuuzia upepo.

Asiyeingia kabisa

Tuanze na mlango ambao wengi hawauoni kwa kuwa uko kabla ya lango la gereza. Mtu anaweza kupatikana na hatia na asilale jela hata usiku mmoja. Hapa Pwani tunaita yote 'kifungo cha nje', lakini sheria zake ni mbili tofauti, na kuzichanganya kumewaponza wengi.

Ya kwanza ni probesheni, chini ya Sheria ya Probesheni, Sura ya 64. Korti inamwachilia mkosaji arudi nyumbani chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni, ambaye magazeti humwita afisa wa urekebishaji tabia. Muda wake haupungui miezi 6 na hauzidi miaka 3. Mkosaji mwenyewe lazima akubali masharti. Makosa ambayo adhabu yake imewekwa moja kwa moja na sheria hayaingii hapa.

Ya pili ni huduma kwa jamii, chini ya sheria ya mwaka 1998. Hii ni kazi ya umma isiyo na malipo: kutengeneza barabara ya kijiji, kupanda miti, kusafisha zahanati, kukarabati shule, kuchimba mtaro wa maji. Hutolewa kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, au kama kosa lina adhabu kubwa zaidi, basi hakimu awe ameona kwamba kwa mtu huyu miaka 3 au chini yake inatosha. Muda wa kazi hauwezi kuzidi muda ambao angefungwa.

Ukimwona kijana anafagia uwanja wa ofisi ya chifu asubuhi na hana mshahara, huenda yuko kifungoni pale. Usimcheke. Asipofika kazini bila sababu atarudishwa mbele ya hakimu, na hakimu anaweza kumpeleka ndani kwa kosa lile lile la kwanza. Ndivyo ilivyo hata kwa probesheni. Wapo waliohama Kilifi kwenda kutafuta kibarua Nairobi bila kumwambia afisa, wakidhani kesi imekwisha kwa kuwa walirudi nyumbani. Kibali cha kukamatwa kiliwasubiri.

Sasa, hakimu anajuaje nani wa kurudishwa kijijini na nani wa kupelekwa Shimo la Tewa? Kwa sehemu kubwa anajua kupitia ripoti, na hapa ndipo mimi na wewe tunapoingia.

Kabla ya hukumu, korti inaweza kuagiza afisa wa probesheni aandike habari za mshtakiwa. Afisa huyo humhoji mwenyewe, kisha huja kwenu. Anazungumza na wazazi, na mke kama yupo, na chifu au naibu wake, na mzee wa kijiji, na majirani, na mwajiri. Anamtafuta pia aliyeumizwa. Anataka kujua: huyu ni mara yake ya kwanza? Ana kazi? Anatumia dawa za kulevya? Akirudi, kuna nyumba ya kumpokea? Aliyemkosea anasemaje? Kijiji kinamwogopa?

Nimeona jinsi tunavyomjibu mgeni huyo. Baadhi yetu tunamwona kuwa polisi wa kiraia na tunajifanya hatumjui kijana. Wengine tunamsifu kupita kiasi kwa sababu mamake yuko pale anasikiliza. Wengine tuna kesi zetu za mashamba na babake, basi tunamalizia hasira kwa mtoto. Kisha ripoti inakwenda kortini, hakimu anatoa uamuzi, na sisi wenyewe tunalalamika barazani kwamba 'korti zimeachilia mwizi' au 'korti zimemfunga mtoto wa maskini'. Ripoti hiyo ilikuwa na maneno yetu ndani yake.

Hakimu hafungwi na ripoti. Anaweza kuisoma na kuamua tofauti. Lakini kwa mtu aliyeiba nazi au kuku, aliyepatikana na lita kadhaa za chang'aa, aliyepigana na shemeji yake kwenye mangwe, ripoti nzuri huwa na uzito mkubwa kuliko wakili. Familia yenye jamaa anayesubiri hukumu imtafute afisa huyo mapema katika ofisi yao iliyo karibu na korti, wampe nambari za simu za watu wa kweli, na wamwambie ukweli. Kazi hiyo hailipiwi na mtu yeyote.

Niongeze kitu kuhusu wazee. Kwetu kesi nyingi huanza kwa wazee na hupaswa kuishia kwa wazee, na sheria ya mwenendo wa jinai inakubali suluhu kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida. Lakini suluhu ya wazee haifuti kesi ya mauaji wala ya unajisi wa mtoto, hata kama ng'ombe wamelipwa na pande zote zimekula pamoja. Katika ripoti ya afisa, maridhiano ya kweli yataandikwa. Maridhiano ya kulazimishwa, ambapo mama wa mtoto amenyamazishwa na ukoo, nayo afisa mwenye uzoefu huyanusa.

Wako pia wanaoingia jela kwa kukosa faini tu, na hao si wachache. Hakimu amesema 'faini au kifungo', faini ikakosekana. Kanuni ya Adhabu ina kipimo chake pale sheria nyingine haikusema vinginevyo: faini isiyozidi shilingi 500 ni siku 14, hadi 2,500 ni mwezi 1, hadi 15,000 ni miezi 3, hadi 50,000 ni miezi 6, na zaidi ya hapo ni miezi 12. Familia nyingi hazijui kwamba kifungo cha namna hii hukoma siku faini inapolipwa, hata kama ameshakaa ndani wiki kadhaa, na kwamba siku alizokwisha kutumikia hupunguza kiasi kinachobaki. Pesa hulipwa kortini au gerezani kwa njia rasmi na unapewa risiti. Laiti zile 15,000 za jirani yangu zingekuwa za faini ya mtu, zingekuwa zimemtoa mtu kweli.

Thuluthi ya gereza

Kijana wa jirani yangu hakufungwa kwa kukosa faini. Alivunja duka, akahukumiwa miaka 6. Mama alikuwa akihesabu miaka 6 kamili kwenye kalenda ya ukutani. Hakuwa ameambiwa kuhusu thuluthi.

Sheria ya Magereza, Sura ya 90, kifungu cha 46, inasema mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja anaweza, kwa bidii ya kazi na mwenendo mwema, kupunguziwa thuluthi moja ya kifungo chake. Aliyefungwa miaka 9 anatumikia 6. Aliyefungwa miaka 3 anatumikia 2. Kijana wa miaka 6 anatumikia 4.

Haiombwi kwa barua wala kwa mbunge. Mfungwa anapoingia tu, anahesabiwa punguzo lote kana kwamba ameshalipata, na gereza linaandika tarehe atakayotoka ikiwa hatalipoteza. Kazi yake ni kulilinda. Akipigana, akikutwa na simu au bangi, akijaribu kutoroka, anaweza kunyang'anywa siku kadhaa kama adhabu. Siku anazokaa kwenye seli ya peke yake kwa kuadhibiwa hazimpi punguzo, wala siku anazojifanya mgonjwa. Kamishna Mkuu wa Magereza ana uwezo wa kurudisha siku zilizopotea, na pia kuongeza punguzo kwa sababu maalumu, kama ugonjwa wa kudumu au mwenendo wa kupigiwa mfano.

Wapo wasiopata thuluthi hii. Wamo waliofungwa maisha, waliofungwa kwa wizi wa kutumia nguvu chini ya kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu, na wale wanaozuiliwa kwa hiari ya Rais. Kama jamaa yako ni mmoja wao, anayekuahidi 'punguzo' anakudanganya.

Tukae kidogo kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo nilipopata kitu katika ule mfuko wa plastiki.

Kijana alikamatwa Februari 2022. Hakupata wa kumdhamini, akakaa rumande hadi hukumu, Agosti 2023. Hiyo ni miezi 18 ndani kabla hata ya kuitwa mfungwa. Sasa, miaka yake 6 inaanza lini?

Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kifungu cha 333(2), inataka muda ambao mtu amekaa kizuizini kabla ya hukumu uzingatiwe. Mahakama za juu zimesema mara nyingi kwamba 'kuzingatia' si kusema tu 'nimezingatia'. Muda huo lazima uonekane katika hesabu ya kifungo. Hakimu makini huandika mwishoni mwa hukumu kwamba kifungo kinaanza tarehe ya kukamatwa. Wengine husahau. Gereza haliwezi kujaza pengo hilo lenyewe; linafuata kilichoandikwa kwenye hati ya kifungo.

Ukihesabu kutoka Agosti 2023, miaka 4 baada ya thuluthi inakupeleka Agosti 2027. Ukihesabu kutoka Februari 2022, inakupeleka Februari mwaka huu, 2026. Tofauti ni mwaka mmoja na nusu wa maisha ya mtu, na chanzo chake ni sentensi moja iliyoachwa kwenye karatasi. Nilisoma hukumu ile mara tatu. Sentensi haimo.

Basi nenda kaangalie hukumu ya jamaa yako. Kama hukumu haimo nyumbani, nakala huombwa kwenye masjala ya korti iliyotoa hukumu.

Mahakama Kuu si kwa rufaa tu

Wengi wanajua rufaa. Ina siku 14 tangu hukumu, na ukichelewa unaweza kuomba ruhusa ya kuileta nje ya muda. Rufaa inauliza kama mtu alipaswa kupatikana na hatia na kama adhabu ilikuwa halali.

Lakini Mahakama Kuu ina uwezo mwingine wa kuita faili ya korti ya chini na kurekebisha kosa, hasa la adhabu. Kosa kama lile la tarehe huweza kurekebishwa kwa njia hii, na maombi huweza kuanza na barua ya mfungwa mwenyewe inayopitia kwa mkuu wa gereza. Kwetu Mahakama Kuu iko Mombasa, Malindi, Voi na Garsen. Majaji pia huzuru magereza, huketi na maafisa wa probesheni, na kupitia majina ya waliofungwa kwa makosa madogo na ambao muda wao uliobaki ni mfupi. Baada ya ripoti, mfungwa anaweza kubadilishiwa muda uliobaki ukawa huduma kwa jamii. Ukisikia kwamba wafungwa kadhaa wa Kwale au Manyani wameachiliwa kwa siku moja ili kupunguza msongamano, mara nyingi ni kwa njia hii. Afisa wa probesheni atakuwa amekuja tena kijijini kuuliza maswali yale yale.

Kuhusu hukumu za kifo na za maisha, nieleze kwa uangalifu kwa sababu hapa matumaini yamepanda na kushuka kama maji ya Mtwapa. Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Muruatetu kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji, bila kuangalia hali ya kesi, ni kinyume cha Katiba. Kifo hakikufutwa, kilichofutwa ni ulazima. Maombi ya kuhukumiwa upya yakamiminika, yakiwemo ya watu wenye makosa mengine kabisa. Julai 6, 2021, mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake.

Kisha Julai 7, 2023, Mahakama ya Rufaa ikiketi hapa Malindi ilisema kifungo cha maisha kisicho na mwisho nacho kinakiuka Katiba, na ikampa mfungwa mmoja miaka 40 badala yake. Habari hiyo ilisambaa kila nyumba yenye mtu wa maisha. Lakini Julai 2024 Mahakama ya Juu ikasisitiza kwamba adhabu za chini zilizowekwa na Sheria ya Makosa ya Kingono zibaki kama zilivyo, na Aprili 11, 2025 ikaubatilisha uamuzi wa Malindi. Kwa sasa maisha ni maisha, mpaka Bunge liseme vingine. Niliwahi kusikia mtu kwenye matatu akidai kwamba 'maisha siku hizi ni miaka 30'. Ilikuwa hivyo katika uamuzi mmoja wa Kisumu wa mwaka 2023. Nao umekwenda na maji.

Maoni yangu ni kwamba Bunge limelala kwenye jambo hili. Mahakama ya Juu yenyewe iliomba mwaka 2017 kwamba maana ya kifungo cha maisha iwekwe kwenye sheria. Mtu aliyeua akiwa na miaka 20 na aliyenajisi mtoto wa miaka mitano wote wanaitwa 'wa maisha', na hakuna sheria inayosema ni lini mtu yeyote atakaa chini kuwaangalia upya.

Vijana wanaotazama sinema za Marekani huniuliza kuhusu paroli, ile ya mfungwa kukaa mbele ya jopo, akajieleza, akaachiliwa na kuripoti kwa afisa hadi kifungo kiishe. Kenya haina jopo la aina hiyo. Sheria yetu ya Magereza inalitaja neno, lakini kwa maana ya ruhusa ya kutoka kwa muda na kurudi. Na hii ina matokeo ambayo hatuyafikirii: mtu aliyetoka kwa thuluthi, kwa kawaida, ametoka. Hana wa kumripotia. Afisa wa probesheni aliyemfuatilia mwizi wa kuku kwa miaka miwili hatamfuatilia aliyetoka Manyani baada ya miaka 12, isipokuwa kuna agizo maalumu. Naona tumepindua mambo hapo.

Kalamu ya Rais

Mlango wa mwisho ndio huo wa simu ya Novemba. Kifungu cha 133 cha Katiba kinampa Rais uwezo wa kusamehe kabisa au kwa masharti, kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe nyepesi zaidi, au kufuta sehemu yake. Hafanyi hivyo kwa kuota. Kuna Kamati ya Ushauri, yenye Mwanasheria Mkuu, Waziri anayehusika na magereza na wajumbe wengine, inayoendeshwa chini ya sheria ya mwaka 2011. Kamati hupokea maombi, hutazama umri wa mfungwa, uzito wa kosa, muda aliokaa, mwenendo wake tangu afungwe, na kama anakubali alichofanya. Inaweza pia kusikiliza maoni ya waliokosewa. Kisha inamshauri Rais.

Ombi huandikwa na mfungwa, au jamaa yake kwa niaba yake, na gereza husaidia kulipeleka. Mwenye rufaa inayoendelea anatakiwa kuimaliza kwanza. Hakuna ada ya kuomba, hakuna ada ya kufuatilia, na hakuna ada ya 'kusukuma faili'. Anayekupigia na kutaja ada amejitambulisha mwenyewe.

Wakati mwingine Rais hubadilisha adhabu za watu wengi kwa mpigo. Mwaka 2009 Mwai Kibaki aligeuza hukumu za kifo za wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa za maisha. Oktoba 2016 Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa 2,747. William Ruto akafuata Julai 2023 kwa waliohukumiwa kifo kabla ya Novemba 21, 2022. Hao hawakurudi nyumbani. Walitoka katika kivuli cha kitanzi na kubaki ndani maisha. Familia kadhaa zilichinja kuku siku hiyo bila kuelewa tofauti.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba walioko jela ndio peke yao wenye mama. Kuna mama mwingine. Yule ambaye duka lake lilivunjwa, ambaye binti yake alinajisiwa, ambaye mzee wake alikatwa panga huko Kilifi kwa kusingiziwa uchawi huku kila mtu akijua ni shamba lililotakiwa. Huyu naye husikia kwamba 'ametolewa', mara nyingi kwa kukutana naye uso kwa uso steji akishuka kwenye matatu. Anaamini mtu amehongwa. Hakuna aliyemweleza kuhusu thuluthi siku ya hukumu. Alisikia miaka 15 na akaondoka na miaka 15.

Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inampa haki ya kusikilizwa. Anaweza kuieleza korti kosa lilivyomwathiri kabla ya adhabu kutolewa, na afisa wa probesheni anapoandika ripoti anatakiwa kumtafuta. Kama hujatafutwa, nenda mwenyewe. Kiongozi wa mashtaka hana budi kukusikia, na ofisi ya probesheni iko wazi. Na uulize swali ambalo watu hawaulizi: baada ya thuluthi, huyu anatoka mwezi gani, mwaka gani? Ukiijua tarehe mapema unaweza kujipanga. Unaweza kumwambia chifu na mzee wa kijiji kwamba unaogopa, na familia ya upande wa pili ikaitwa mkae kabla mtu hajarudi. Ningependa gereza lilazimike kumpigia simu mwathiriwa siku 30 kabla ya kumfungulia mtu. Simu moja. Matapeli wameweza kupiga, serikali haishindwi.

Kwa asiye na wakili, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016. Kituo Cha Sheria, chenye ofisi Mombasa, kimewafundisha wafungwa wa Shimo la Tewa wawasaidie wenzao kuandika maombi na rufaa. Baadhi ya barua bora za kisheria nilizosoma ziliandikwa kwa kalamu ya bei rahisi kwenye karatasi ya daftari, na mtu aliyejifunza sheria akiwa ndani.

Jumanne ya wiki ya kwanza ya mwaka tulikwenda na mama gerezani. Tulipanga foleni langoni, tukaacha simu, tukaandikishwa. Afisa wa ustawi alitufungulia kitabu na kutuonyesha tarehe: Agosti 2027. Alikuwa mtu mwema, akasema yeye anafuata hati. Kijana alikuwa ameshaanza kuandika barua kwa msaada wa mfungwa mwenzake, ila hakuwa na nakala ya hukumu. Tulimwachia ile ya mfuko wa plastiki. Barua imepelekwa Mahakama Kuu kupitia kwa mkuu wa gereza, na jaji bado hajaitazama.

Tukirudi, mama alikaa kimya hadi daraja la Nyali. Kisha akaniuliza kama Februari ikipita kabla barua haijasomwa, siku za juu zitarudishwa kwa nani. Nilimwambia hazirudishwi.

"Kama zile elfu kumi na tano," alisema.